Mildura, Mji Unaonunua Maji

Ukitaka kufika Mildura, shika kwanza njia itokayo Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria katika Australia, ukaelekee kaskazini na magharibi. Ni mwendo wa kilomita 540 hivi. Gari moshi la abiria halifiki huko tangu 1993. Watu huenda kwa basi, kwa motokari zao, au kwa ndege. Mimi nalikwenda kwa basi mwezi wa Februari, maana dada yangu anakaa huko na mumewe, nikapata kiti cha dirishani na kutazama nchi mchana kutwa.

Saa za kwanza ni majani na kondoo. Kisha ni mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa, mabua matupu hata upeo wa macho, na kila baada ya mwendo mrefu ghala moja la saruji, refu kama mnara wa kanisa, limesimama kando ya reli. Karibu yake nyumba chache, duka moja, na mtu mmoja avukaye njia. Nalihesabu watu wa vijiji vile kwa vidole. Mwishoni hata ngano inapungua. Udongo unakuwa mwekundu kama matofali, na miti inakuwa mifupi, kila mmoja na mashina mengi yatokayo ardhini pamoja kama vidole vya mkono. Wenyeji huuita mti huo mallee. Mizizi yake ni minene na migumu. Wakulima waliofyeka pori lile waliteswa nayo sana, walakini walipokwisha kuing'oa waliichoma wakati wa baridi, ikawaka usiku kucha.

Halafu, ghafula, rangi ya kijani. Mizabibu, michungwa, milozi, mistari iliyonyoka kana kwamba imepigwa kwa rula. Chini ya kila mstari limelazwa bomba jeusi, nalo linatoa maji tone kwa tone. Ulipo mstari wa mwisho, vumbi linaanza. Nalisimama mahali pale siku ya pili, mguu mmoja penye majani mabichi, mguu wa pili jangwani, kama mtoto.

Sababu yake ni hii. Mvua ya Mildura haifikii milimita 300 kwa mwaka. Lubumbashi, tunayoilalamikia kwa kiangazi chake kirefu, hupata mara nne ya hiyo. Kila kinachoota Mildura kinakunywa mto, si mvua. Mto wenyewe ni Murray, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500. Unazaliwa kwa theluji na mvua za milima iliyo mbali upande wa mashariki, unapita polepole kati ya mikalitusi mikubwa yenye magome meupe, kisha unakwenda zake baharini. Ukiutazama jioni ukingoni mwa mji, huwezi kudhani kwamba kila ndoo yake imekwisha kuandikwa katika daftari la mtu.

Mji ulianzishwa na ndugu wawili, George na William Chaffey. Walizaliwa Kanada, wakajipatia sifa huko Kalifornia kwa kuleta maji katika nchi kavu. Alfred Deakin, aliyekuwa waziri wa Victoria, alikwenda Amerika mwaka wa 1885 kuona kazi hiyo. Mwaka uliofuata George akaja Australia, na mwaka wa 1887 serikali ikawapa ndugu hao haki ya kuendeleza ekari 250,000 za pori. Wakaleta mashini za mvuke kutoka Uingereza za kupandisha maji. Moja iliyosimamishwa mwaka wa 1891 mahali paitwapo Psyche Bend imehifadhiwa hata leo, nami naliizunguka kwa mshangao, chuma kikubwa kama nyumba. Wakapima mji kwa namna ya Kiamerika: njia nyingine zina hesabu tu, ya Saba, ya Nane, ya Tisa, na nyingine zina majina ya matunda, Orange, Lemon, Lime, Olive, Walnut. Mtoto wa shule hapotei, akijua kuhesabu na kula!

Ndugu hao hawakutaka pombe iuzwe katika mji wao. Watu wakaitika ndiyo, kisha wakajijengea nyumba za kukutania. Na mojawapo ya nyumba hizo ilikuja kuwa na meza ya kuuzia bia iliyosifiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani. Wanadamu ni wale wale, popote wapimiwapo viwanja.

Walakini kazi ilikuwa ngumu. Mifereji ya udongo ilivuja, kwa maana kamba wa mtoni waliitoboa. Reli haikufika hata 1903, na matunda yalioza njiani. Mwaka wa 1895 kampuni ilianguka. George akarudi Amerika. William akabaki, akaishi na wale aliowapa matumaini na aliowatia hasara, akalima pamoja nao, hata mwaka wa 1920 wakamfanya meya wao wa kwanza. Alikufa huko mwaka wa 1926. Sanamu yake imesimama katika njia kuu, nayo njia hiyo inaitwa Deakin. Nalimpenda huyu kuliko nduguye, ingawa nduguye ndiye aliyekuwa na akili ya mashini.

Lakini tusiseme kwamba pale hapakuwa na watu. Mwaka wa 1974, katika mchanga wa ziwa kavu la Mungo, kilomita mia moja na zaidi kutoka Mildura, yalionekana mabaki ya mtu aliyezikwa kwa heshima miaka 42,000 hivi iliyopita. Yalichukuliwa na wataalamu, na hayakurudishwa kwa wenyeji hata 2017. Wazao wa watu hao wa kale, Walatji Latji, Wabarkindji na wengine, wako mjini hata leo. Mto ulikuwa mama yao tangu zamani zisizohesabika. Katika daftari la maji la siku hizi sehemu yao ni ndogo mno.

Hilo daftari ndilo lililonishangaza kuliko yote. Kwetu, mtu akiwa na shamba kando ya kijito, anachota. Kule, tangu 2007, sheria ya Victoria imetenga maji na udongo. Mtu aweza kuwa na hektari mia moja asiwe na haki ya ndoo moja. Na mtu mwingine, aketiye katika ofisi mjini na asiyejua jembe, aweza kuwa na maji mengi bila hata kipande cha ardhi, akayauza. Maji hupimwa kwa megalita, yaani lita milioni moja. Katika ukame wa 2019 megalita moja ya msimu ilipita dola 500; miaka michache baadaye, mvua zilipofurika milimani, ilishuka chini ya dola 50. Tena haki yenyewe si maji bado. Kila mwaka, tarehe 1 Julai, serikali hutazama mabwawa makubwa ya juu, kisha hutangaza ni sehemu gani ya mia ambayo kila mtu atapewa kwanza. Hesabu hiyo yaweza kuongezwa kadiri mvua inyeshavyo. Mkulima wa kule huingoja tarehe ile kama mwanafunzi angojavyo matokeo ya mtihani.

Jirani wa dada yangu, mzee wa Kiaustralia, alinionyesha uwanja wenye nguzo tupu, safu kwa safu, bila mzabibu hata mmoja. «Babangu alipanda hapa,» akasema. Katika ule ukame mkubwa uliokwisha mwaka wa 2009 aliuza maji yake ili alipe deni, na mizabibu ikafa imesimama. Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Sasa niwaambie juu ya wachumaji, kwa maana mji huu hausimami bila wao. Kuanzia Januari hata Aprili ni zabibu. Nyingine huchumwa kwa mkasi na kupangwa katika masanduku ili ziliwe mbichi, nyingine hukaushwa. Jua la Februari laweza kupita digrii 40, na kazi huanza gizani alfajiri. Zamani wengi walilipwa kwa sanduku tu, na mwenye mikono mizito alirudi nyumbani na fedha isiyotosha chakula. Tangu Aprili 2022 sheria imeweka mshahara wa saa ambao mchumaji hawezi kulipwa chini yake, hata akihesabiwa kwa sanduku. Wapo wakubwa wa vikundi wanaojifanya hawakuusikia. Mume wa dada yangu alifanyiwa hivyo msimu mmoja, akahama, na sasa yuko katika kiwanda cha kufunga machungwa.

Kati ya wachumaji hao niliwakuta Warundi. Nalikuwa dukani nikitafuta chumvi, nikasikia nyuma yangu: «Amahoro!» Si mimi niliyesalimiwa, ni mama mwingine, lakini naligeuka kwa haraka, hata wote wawili wakacheka. Basi tukasemezana kwa Kiswahili, kwa maana walikaa miaka mingi katika kambi za Tanzania. Wazee kati yao walikimbia Burundi mwaka wa 1972, wengine mwaka wa 1993. Watoto wao walizaliwa kambini. Walipopokewa Australia waliwekwa katika miji mikubwa au midogo, na wengine wakaja Mildura kwa sababu ya kazi ya matunda.

Mama yule wa dukani, ambaye sitamtaja jina, ndiye aliyenifundisha maana ya mji ule. Akaniambia: «Mwalimu, mimi ni mkulima, na mama yangu alikuwa mkulima. Nilipofika hapa nikawa mkono. Mkono wa kukata zabibu za mtu.» Walikuwa wamezungukwa na mashamba pande zote, nao hawakuwa na mahali pa kupanda mbegu moja. Ardhi ya kukodi ilikuwapo, maana wenye mashamba madogo walikuwa wameacha kulima. Lakini ardhi bila maji ni vumbi, na bei ya maji mmekwisha kuisikia.

Mwaka wa 2016 watu wa mji, Warundi na Waaustralia pamoja, walianza jambo. Mwenye shamba lililolala aliwapa mahali, wakapanda mahindi. Si yale mahindi matamu ya dukani ambayo Waaustralia huyachemsha na kuyapaka siagi. Ni mahindi meupe, magumu, ya kusaga. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha ushirika, Food Next Door, kinachounganisha mkulima asiye na shamba na shamba lisilo na mkulima. Wakaanzisha pia mfuko wa maji: mwenye haki ya maji asiyoyahitaji mwaka huo humwachia mwenzake sehemu.

Mwezi wa Aprili nilikwenda kuvuna nao. Wanawake waliingia katika mistari wakiwa na vitambaa vichwani, wakivunja mahindi kwa mkono mmoja bila kutazama, wakisema na kucheka. Mimi, mtu wa chaki, naliachwa nyuma tangu mstari wa kwanza. Nalimwona mama yule akiwa mtu mwingine. Dukani alisema chini ya sauti, hapa aliamuru. Akamkemea kijana aliyekanyaga bomba, akamwonyesha mzee wa Kiaustralia, yule jirani mwenye nguzo tupu, namna ya kumenya gunzi kwa kidole gumba. Mzee alikuwa amekuja kutazama tu, akabaki hata jioni. Alipoonja ugali alisema hauna ladha, akaomba tena.

Wakati wa kuondoka mama alichagua mahindi ya mbegu, yenye safu zilizonyoka, akayafunga kwa maganda yake mawili mawili na kuyatundika juu ya meko yake, kama tufanyavyo sisi, ijapokuwa meko yale ni ya umeme na hayatoi moshi. Nalimwuliza yatasaidia nini bila moshi. Akasema: «Yajue nyumbani.»

Nalikaa hata Julai. Asubuhi ya tarehe 1 kulikuwa na baridi kali, majani ya uani yamekuwa meupe kwa umande ulioganda. Nilikwenda kumwaga. Mwanawe alikuwa amekaa mezani na simu mkononi, akimsomea tangazo la maji kwa Kiingereza, kisha kwa Kirundi.

«Wametoa ngapi?» nikauliza.

Kijana akanitajia. Haikuwa nusu. Mama alinyamaza, akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akapanda juu ya kiti, akatungua mahindi mawili kati ya yale ya mbegu, akaanza kuyapukuchua katika sufuria ya chakula. Yaliyobaki akayasogeza pamoja ukutani.

«Haya yatatosha,» akasema. «Wakiongeza Septemba, nitaomba mengine kwa jirani.»