Pameozaje?

Vijana wenzangu wa kijiweni wananiita Fundi Mkweche. Jina lenyewe silichukii. Tangu nimalize kidato cha nne, mchana wangu mwingi unaishia kwenye banda la bati uani kwa babu, hapa Ngamiani, Tanga, nikiwa chini ya gari ambalo wao hawajapata kuliona likitembea. Ni MGB ya mwaka 1965, gari la Kiingereza la viti viwili, lisilo na paa la bati. Usiku ndipo naandika riwaya yangu. Nataka kueleza jinsi kazi hizi mbili zilivyokutana.

Magari haya yalianza kutengenezwa mwaka 1962 katika mji wa Abingdon, Uingereza, yakasimamishwa mwaka 1980. Hili letu lililetwa na meneja wa shamba la mkonge, enzi mkonge ukiwa ndio uhai wa mji huu. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi yalitaifishwa, meneja akafunga virago, gari likapita mikono kadhaa. Mwaka 1981 mwenye gari alishindwa kumlipa babu ujira wake wa ufundi, akamwachia. Babu alilitumia miaka michache, spea zikaadimika, akalifunika turubai. Chumvi ya bahari nayo ikafanya kazi yake taratibu.

Sasa babu ana presha ya macho. Daktari alimwambia wazi: uoni uliokwisha kupotea haurudi, dawa ya matone inalinda ule uliobaki tu. Na matone yanataka pesa kila mwezi. Bibi akasema, "Liuzwe. Wapo watu wanaoyapenda makopo hayo." Kweli, akaja mnunuzi, akalizunguka mara moja, akataja bei ya chuma chakavu. Babu akamjibu kwa upole kwamba arudi likiwa zima, wazungumze upya. Ndivyo nilivyoingia bandani. Mikono na macho ni yangu, akili ni ya babu.

Wiki ya kwanza nililala chali na tochi, nikamwambia, "Babu, hapa pameoza."

"Pameoza! Hilo hata mimi nalijua, mume mwenzangu. Pameozaje? Kutu imetoboa, au inavimba chini ya rangi? Ukibonyeza na bisbisi inazama kiasi gani? Inaanzia mbele ya mlango au nyuma?"

Shuleni nilisifiwa kwa insha. Mwalimu wangu alipenda machweo mekundu na mioyo inayodunda kama ngoma. Chini ya gari lile mapambo hayo hayakuwa na kazi. Ilinibidi nitazame, nipime kwa kidole, kisha nitafute neno ambalo mtu asiyeona angeweza kulifanyia kazi.

Maswali yake yalikuwa na sababu. Gari lisilo na paa nguvu zake ziko kwenye boksi za bati zilizo chini ya milango, upande huu na huu. Hazionekani, hakuna anayezisifia. Ukikata zilizooza bila kwanza kufunga nondo kwenye uwazi wa mlango, bodi inaweza kujikunja katikati, na mlango hautafunga tena. Tulifunga nondo, tukakata upande mmoja, fundi wa kuchomelea akaweka bati jipya, nami nikapima uwazi wa mlango kwa rula na kumsomea babu vipimo juu, kati na chini. Aliporidhika ndipo tukahamia upande wa pili. Kazi hiyo pekee ilikula miezi mitano.

Mengine ya gari hili yana ukaidi wake. Spana za milimita, tunazotumia kwenye magari ya Kijapani, haziketi vizuri kwenye boliti zake. Linataka spana za inchi. Betri zake ni mbili, za volti sita kila moja, zimefichwa nyuma ya viti, zinaungwa pamoja kupata volti kumi na mbili. Tena waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, si wa hasi kama magari ya siku hizi. Fundi umeme mmoja wa mtaani alishanyoosha mkono afunge alivyozoea. Babu akamdaka kabla hajagusa.

Kisha ikafika siku ya kabureta. Ziko mbili, aina ya SU, na lazima zivute hewa sawasawa. Mimi nilifungua kitabu. Babu akaomba kipande cha mpira wa maji. Injini ikiwa inaunguruma, aliweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, halafu ya pili.

"Ya nyuma inavuta kwa pupa. Irudishe kidogo. Kidogo, nimesema!"

Nikazungusha skrubu, akasikiliza, nikazungusha tena, mpaka pumzi zote mbili zikafanana na injini ya sisi 1,798 ikatulia. Pale mimi mwenye macho ndiye niliyekuwa kipofu. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni muda mrefu. Siku ile hakutaja kuuza.

Hata hivyo, litauzwa. Limebaki rangi na viti tu, na babu hajabadili neno: likikamilika, mnunuzi aitwe, matone yanunuliwe. Kwa hiyo kila boliti ninayokaza inalisogeza gari getini. Juzi nilimuuliza kama haumii.

"Gari nimeshalisikia," alisema. "Wewe hebu nisomee ulichoandika jana."

Nikamsomea ukurasa ambao shujaa wangu anampoteza mchumba na kuwa na huzuni kubwa. Babu alinyamaza, akajikuna kidevu.

"Ana huzuni. Sawa. Ana huzunije?"

Wiki hii nimeufumua ukurasa ule mzima, naanza upya.