Alitafuta kwa maneno gani?

Katika kazi nyingi za kumaliza masomo tunasoma kwamba mwandishi hakupata maandishi juu ya mada yake. Kila mara najiuliza: alitafuta kwa maneno gani?

Kwetu neno moja halitoshi. Anayeandika "Lubumbashi" tu katika katalogi hukosa mengi ya kabla ya 1966, mji ulipoitwa Elisabethville. Anayeandika "Kongo" hukosa mengi ya miaka ya Zaire, 1971 hadi 1997. Kiswahili chetu nacho kiliwahi kuitwa Kingwana. Na anayetafuta "historia" aweza kulipita andiko la André Yav la 1965: kichwa chake kinasema Vocabulaire, yaani msamiati, kumbe ndani mna historia ya Elisabethville na ya watumishi wa nyumbani.

Mkutubi wetu anayajua hayo, ameyaandika katika daftari lake. Karibu atastaafu.

Kwingineko wakutubi huhesabu utafutaji kuwa data ya utafiti. Mwongozo wa PRISMA-S, uliotolewa 2021 wenye vipengele 16, humtaka mtafiti aeleze alitafuta wapi, lini, na kwa maneno yapi hasa. Katika hazina ya searchRxiv, mkakati wa kutafuta huwekwa wazi ili wengine wautumie.

Sisi tuanze na ukurasa mmoja mwishoni mwa kila kazi, nakala yake ibaki maktabani. Hapo neno "sikupata" litaweza kupimwa, na anayefuata hataanza upya.