Kuujua Upande wa Kushoto

Kila mtu mzima anaujua upana wa mwili wake, ingawa hakuna siku aliyokaa chini akaupima. Hupita mlangoni bila ya kugonga mabega, na huketi baina ya watu wawili kwenye benchi bila ya kuwaumiza. Mama aliyejitwika mzigo mrefu wa kuni, afikapo penye njia nyembamba, hugeuka ubavu, akapita, akaendelea na mazungumzo yake. Mzigo umekuwa sehemu ya mwili wake. Elimu hiyo haikutoka kitabuni. Imetokana na kupita mara nyingi.

Kuendesha gari ni kujitwika mzigo wa namna hiyo, ila mzigo huu una uzito wa kilo 1,000 na zaidi, na huenda kwa kasi ambayo miguu haijapata kuijua. Nilijifunza kazi hiyo nikiwa mtu mzima, baada ya kufundisha wengine darasani kwa miaka kadhaa. Mzee aliyenifunza alikuwa ameendesha malori kwa muda mrefu. Juu ya klachi na gia alisema machache, maana alijua kuwa mikono na miguu hujifunza upesi. Lakini kila baada ya dakika chache aliniuliza swali lile lile: “Mwalimu, gurudumu lako la kushoto liko wapi?”

Huenda ukashangaa, msomaji, kwa nini aliuliza juu ya kushoto wala si juu ya kulia. Chukua kalamu tupige hesabu. Katika Kenya magari hupita upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko upande wa kulia wa gari. Basi dereva haketi katikati ya gari lake. Sehemu kubwa ya gari iko kushoto kwake, na lami iliyo chini ya sehemu hiyo haioni, kwa kuwa boneti na mlango vimeiziba. Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu sentimita 175. Katika barabara kuu, njia ya magari yaendayo upande mmoja huwa na upana wa karibu mita 3.5. Gari likipita katikati ya njia hiyo, husalia karibu sentimita 87 kila upande.

Lakini dereva mwenyewe ameketi karibu sentimita 35 kulia kwa kitovu cha gari. Mwanagenzi hufuata mazoea ya miguu yake: hujiweka yeye katikati ya njia, kama afanyavyo atembeapo. Papo hapo gari zima husogea kushoto kwa sentimita 35, na nafasi ya kushoto hubaki sentimita 52. Kwenye barabara nyembamba, ambapo njia ina upana wa mita 3 tu, nafasi ya sentimita 62 hupungua ikawa 27. Ndiyo sababu abiria aliyeketi mbele kando ya mwanagenzi hushika kiti kwa mikono miwili. Yeye huuona mtaro chini yake, na dereva huona bado kuna nafasi tele. Wamo katika gari moja, lakini kila mmoja anaiona barabara yake.

Sasa fikiri ni nani apitaye katika sentimita hizo 27. Ni mwenye baiskeli aliyefunga madebe ya maziwa nyuma yake. Ni mama atokaye sokoni. Ni wewe, uliyeondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, umebeba mkoba wa vitabu, na sare yako haionekani vema gizani. Barabara zetu nyingi hazina njia ya miguu, na ukingo wa lami ndio njia ya wanafunzi. Kwa hiyo kosa la dereva la kutoujua upande wake wa kushoto halimdhuru yeye kwanza. Humdhuru mtu asiyekuwamo garini, ambaye hakushauriwa.

Hatari hiyo huongezeka kwa mwendo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Likielekezwa kando kwa digrii moja tu, pembe ambayo jicho lako halitaiona ukiichora daftarini, husogea kando karibu sentimita 39 kila sekunde. Katika sekunde mbili nafasi iliyokuwapo imekwisha. Wale wanaouliza hesabu za pembe zina faida gani wangepaswa kuketi katika kiti cha mbele.

Yule mzee hakunipa hesabu hizo. Alinipa madebe mawili. Tulikwenda kwenye uwanja mtupu, akayasimamisha hatua tatu kutoka moja hadi jingine, akaniambia nipite katikati polepole na nisimame magurudumu ya mbele yakiwa sawa nayo. Kisha nilishuka nikatazama nafasi iliyobaki kulia na iliyobaki kushoto. Nilirudi kitini, nikatazama tena debe la kushoto lilionekana wapi juu ya boneti. Akayasogeza karibu zaidi, tukarudia. Baada ya siku kadhaa boneti ilianza kusema nami. Nilijua kwamba ukingo wa barabara ukionekana kuikata boneti mahali fulani, gurudumu la kushoto liko umbali fulani kutoka katika mtaro. Kila dereva ana alama yake, maana kimo cha watu ni mbalimbali na magari nayo ni mbalimbali. Asiyeitafuta kwa madebe ataitafuta kwa watu.

Hata hivyo alama hiyo ni ya uwanjani. Mtu akitazama boneti akiwa safarini, gari huyumba kama mlevi. “Mkono hufuata jicho,” alisema mzee. “Tazama unakotaka kwenda.” Wataalamu wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee walichapisha utafiti wao juu ya macho ya madereva. Waliona kwamba dereva akaribiapo kona huelekeza macho kwenye ukingo wake wa ndani, sekunde moja au mbili kabla ya kuanza kukata kona. Mwaka uliofuata Land na Julia Horwood walionyesha kwamba dereva huhitaji sehemu mbili za barabara: ya mbali ili aende kwa ulaini, na ya karibu ili abaki katika nafasi yake. Mwenye kuona ya karibu tu huyumba, na mwenye kuona ya mbali tu hupotewa na kingo.

Nililiona hilo tulipoteremka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, kwenye barabara ambayo mateka wa vita wa Kiitalia waliijenga wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni bonde, na malori hupanda kwa kuvuta pumzi. Lori lina upana wa karibu mita 2.5, na nafasi yake ni ndogo kuliko yetu. Zaidi ya hayo, katika kona magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Hukata kwa ndani. Kwa hiyo lori likikunja kushoto, mkia wake hukaribia ukingo wa kushoto kuliko kichwa chake. Mwenye miguu aliyeona kichwa kimepita salama asidhani mkia nao utapita hapo hapo.

Basi, kijana, sheria bado haikuruhusu kushika usukani mpaka utimize miaka 18, lakini masomo haya hayangoji umri. Pasipokuwa na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ukiyakabili magari yajayo, ili macho yako yakusaidie pale ambapo ya dereva yamepungukiwa. Na siku utakapoketi mbele katika matatu, tazama macho ya dereva yaendako, kisha tazama dirishani pako uone ukingo ulivyo karibu. Keti hapo ukijiuliza swali la yule mzee. Ukifika siku ya kushika usukani wewe mwenyewe, utakuwa umekwisha kulizoea, na aendaye kwa miguu kando ya barabara atapata nafasi yake.