Nani Ampakuliaye Mwanafunzi Ugenini?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Mtoto wa Maparoni akichaguliwa kwenda chuo kikuu, habari huenea mji mzima kabla ya Magharibi. Husomewa Yasini, wazee humpa nasaha, mama yake humfungia mchele na kamba wakavu, na maji yakijaa hupanda boti kwenda Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti, na kutoka Kibiti mpaka Dar es Salaam au Dodoma. Hapo sisi kazi yetu imekwisha. Tangu siku hiyo twamwachia Mwenyezi Mungu na simu. Baada ya mwaka tukisikia kijana hasali, au binti amegeuka hata hajulikani, twakaa barazani na kusema, "Chuo kimemharibu." Nimesomesha madrasa zaidi ya miaka arobaini, na neno hili kila nikilisikia huuliza: chuo kimemharibu, au kimemkuta peke yake?

Ndugu msomaji, nataka leo kueleza habari za watu ambao hawamwachi mwanafunzi wao peke yake. Najua nikiwataja baadhi ya ndugu watakunja uso, maana watu hao ni Mayahudi, na nyoyo zetu zina majeraha kwa yaliyowafika watu wa Gaza tangu Oktoba 2023. Majeraha hayo ni yangu pia, wala sitaki mtu ayasahau. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku ya Ashura kwa kushukuru kuokolewa Nabii Musa (A.S.), naye akafunga na akaamrisha ifungwe. Na alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi yao, naye akajifunza. Basi kutazama wafanyavyo wenzetu na kukipima kilicho chema si jambo geni katika dini hii.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alisoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, Uganda. Chuo hicho kilikubaliwa katika mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974, kikafunguliwa mwaka 1988. Aliporudi likizo alinieleza jambo lililonistaajabisha: katika vilima vya pembeni mwa mji ule ule wako Mayahudi weusi, Waganda kwa lugha, wakulima wa kahawa na ndizi kama majirani zao. Huitwa Abayudaya. Tangu hapo nimekuwa nikizifuatilia habari zao.

Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza katika kuziteka nchi za mashariki ya Uganda, kisha akaona hakulipwa alichostahili. Alikuwa Mkristo. Akasoma Taurati akaona amri ya kutahiri, akataka kuifuata. Alipoambiwa kwamba wanaotahiri ni Mayahudi, akasema kuwa yeye basi ni Myahudi, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. (Angalikutana siku hiyo na mwalimu mmoja wa Kiislamu kutoka pwani, Mungu ndiye ajuaye historia ingalikwendaje.) Alifariki mwaka 1928, akaacha nyuma yake watu wachache waishikao Sabato katikati ya wengi wasioijua.

Kisha akaja Idi Amin. Yatupasa tuseme kweli, hata ikituuma: mtu huyu alijiita Mwislamu, na akatumia dola kupiga marufuku ibada ya watu hawa. Sinagogi zao zilifungwa, wakasali kwa siri majumbani. Wengi waliingia dini nyingine, na husemwa kuwa kutoka watu wapatao 3,000 walibaki kama 300 tu. Jeshi letu la Tanzania lilipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, usiku ule ulikuwa wa kuingia Pasaka ya Kiyahudi, ndiyo ukumbusho wa Banu Israil kutoka Misri kwa Firauni. Hata leo wao huisimulia sadfa hiyo, na vijana wetu wa pwani waliokuwa katika jeshi lile wana sehemu katika masimulizi hayo bila wenyewe kujua.

Lililonishughulisha zaidi ni yaliyofuata. Waliowafufua Abayudaya hawakuwa wazee. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana lilikwenda kukaa pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, wakilima, wakisoma na kusali pamoja, ili kuirudisha ardhi na nyumba ya ibada. Katika wao alikuwamo Gershom Sizomu, ambaye babu yake alikuwa kiongozi wa dini. Baadaye alipelekwa Los Angeles kusomea dini yao, akahitimu urabi mwaka 2008, akarudi kilimani kwake, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Alikuwamo pia J.J. Keki, aliyeanzisha mwaka 2004 ushirika wa kahawa wa Myahudi, Mwislamu na Mkristo pamoja, uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Wamejenga shule ya msingi na ya sekondari, na humo watoto wa Kiislamu wa majirani husoma na kula bakuli moja na watoto wao. Mwanafunzi wangu aliliona hilo kwa macho yake, akaniambia, "Mwalimu, mtoto wa Kiislamu pale haulizwi kwa nini hafanyi wafanyavyo. Hupewa chakula tu."

Watoto hao wakimaliza huenda vyuoni, wengi Kampala, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwao. Hapo ndipo shida huanza. Sabato yao huingia jua la Ijumaa linapotua, kwani wao huhesabu siku kutoka Magharibi kama tuhesabuvyo sisi. Ikishaingia hawapandi gari, hawawashi moto, hawaandiki. Kijana aliyeko Kampala hawezi kwenda kwao Mbale kila wiki. Na chuo hakimngojei. Mwaka 2003 wanafunzi Wakristo Wasabato waliishitaki Makerere kwa kuwekewa masomo na mitihani siku ya Jumamosi. Mahakama ya katiba haikuwapa walichotaka, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasimamia hukumu hiyo hiyo. Kama Wasabato walio maelfu kwa maelfu walishindwa, Mayahudi wachache watasema nini? Na kwa hakika sisi wenyewe twayajua haya, kila kipindi kinapowekwa saa saba mchana siku ya Ijumaa.

Hawa wachache walikutana. Vijana wao wana jumuiya yao iitwayo Marom, ambayo ina matawi katika nchi nyingi. Walioko Kampala hukusanyika kwa Sabato: huwasha mishumaa kabla ya jua kutua, huimba Zaburi za Nabii Daudi (A.S.) kwa Kiganda, hubariki mkate, hula. Hapana hotuba ndefu wala mlangoni haulizwi mtu mbona wiki jana hakuonekana. Kijana wa mwaka wa kwanza akija na njaa, mwenzake wa mwaka wa tatu ndiye humpakulia.

Wenzao wa Marekani walianza mapema zaidi, na kwa mali nyingi zaidi. Mwaka 1923, katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilifunguliwa nyumba ya wanafunzi wa Kiyahudi iliyopewa jina la Hillel, mwanachuoni wao wa kale. Leo nyumba za namna hiyo zimo katika mamia ya vyuo. Kundi jingine, la Chabad, tangu mwaka 1969 huweka karibu na chuo rabi na mkewe na watoto wao, wakaishi hapo miaka na miaka, na meza yao ya Ijumaa usiku iko wazi. Na nimefurahi kujua kuwa ni katika chuo hicho hicho cha Illinois ndipo Waislamu nao walipounda, mwaka 1963, umoja wa wanafunzi Waislamu wa Marekani na Kanada. Katika chuo cha Dartmouth, mwaka 2001, lilifunguliwa jiko moja la kuwapikia Mayahudi na Waislamu kila mmoja kwa sheria yake.

Sitaki mtu adhani nasifu kila kitu. Nyumba hizi za Hillel zimefungamana na dola la Israel, na mwaka 2010 waliweka masharti ya nani asialikwe kuzungumza humo kwa sababu ya siasa hiyo. Wapo wanafunzi wao wenyewe walioyakataa. Wa chuo cha Swarthmore walitangaza hivyo mwishoni mwa mwaka 2013. Na Aprili 2024, wanafunzi walipopiga mahema katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ajili ya Gaza, walikuwamo Mayahudi walioila karamu yao ya Pasaka ndani ya mahema hayo, mahali pale pale Waislamu waliposali Ijumaa. Nyumba iliyojengwa kwa sahani ikianza kuchuja watu kwa siasa, baadhi ya watoto wake huenda kula nje. Nasi tukijenga zetu tuliangalie hilo, maana misikiti yetu inayajua vizuri magomvi ya kufukuzana.

Tukijenga zetu, nasema, kana kwamba hatukuwa nazo. Watu wa Suffa walikuwa nani, kama si wanafunzi wageni, maskini, waliolala katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) na kulishwa na watu wa Madina, huyu akichukua wawili na yule watatu kwenda nao nyumbani? Na Azhar ya Misri ilikuwa na riwaki zake, kila riwaki ya watu wa nchi fulani: Wamaghribi, watu wa Shamu, Waturuki, hata Majabarti kutoka Uhabeshi na Zaila. Mwanafunzi alifika Kairo hamjui mtu, akaulizia riwaki ya kwao, akakuta mkeka, lugha yake na mkate wa wakfu. Hapa kwetu pwani, waliokwenda kusoma Riyadha ya Lamu wanajua kuwa mwalimu alianza kwa kuuliza umekula, ndipo akauliza umesoma kitabu gani. Basi hatuna la kuazima kwa Myahudi. Chetu ni kile kile, sisi tumekiweka darini.

Na hasara yake twaiona. Binti mmoja wa jirani zetu wa deltani, aliye katika chuo kimoja Dar es Salaam, alinieleza Ramadhani yake ya kwanza. Ile posho ya Bodi ya Mikopo wanayoiita bumu ilichelewa. Alifuturu kwa maji na andazi, peke yake chumbani, siku nne, kwa kuona haya kusema. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu ilikuwapo. Ilimletea karatasi ya ratiba ya mihadhara. Siku ya tano msichana mwenzake, Mkristo, ndiye aliyemgongea na sahani ya wali. Namwombea mema msichana yule. Lakini nilijiuliza, ndugu zangu: pale Mbagala watu wetu wa Rufiji wamejaa mitaa kwa mitaa, kila nyumba ina sinia la futari. Binti alikuwa safari ya daladala mbili kutoka kwa watu wanaomjua babu yake, wala hakuna aliyejua kuwa yuko.

Huyu alikutana na mwenye heri. Si kila agongaye mlango wa mpweke amebeba wali. Sisi watu wa Kibiti tuliishi mwaka 2017 katika mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, tukizima taa mapema na kuogopana. Sisemi waliofanya walikuwa wanafunzi. Nasema kijana asiye na watu ni wa yule amtanguliaye, na anayemtangulia huja na chai na maneno matamu, muda mrefu kabla hajaonyesha alichoficha.

Kwa hiyo tumeanza jambo dogo hapa, nalieleza ili wa Mafia, Kilwa na kwingineko walitazame kama litawafaa. Tumeandika daftari la watoto wetu wote walioko vyuoni, jina, chuo na namba ya simu, wavulana na mabinti. Tumepata nyumba tatu za jamaa Mbagala, kila moja ikiwa na mama mtu mzima ndani yake, zilizokubali kupika Ijumaa moja kwa mwezi kwa zamu, baada ya sala, na kila siku katika kumi la mwisho la Ramadhani. Hakuna muhadhara. Anayetaka kuuliza masuala ya dini atauliza akiwa anakula. Wazee wengine walitaka kwanza tuandike katiba, tuchague mwenyekiti na tununue muhuri. Nikawaambia muhuri hauliwi.

Mchele tunautoa sisi, debe moja kwa kila nyumba yenye shamba lililovuna, ingawa mafuriko ya 2024 yalitupunguzia wengi. Mwenye kuvua anatoa kamba wakavu. Nahodha wa boti ya Nyamisati amekataa kuchukua nauli ya mizigo hiyo. Shehena ya kwanza ilikuwa magunia mawili, na mama wa nyumba ya pili alipiga simu usiku ule ule kulalamika kuwa vijana kumi na tisa walikuja wakati aliambiwa kumi, na kwamba sufuria yake ni ndogo. Tunatafuta sufuria.