Fimbo ya Kupima na Mwili wa Mutoto

Tunaishi Sudbury, kule Kanada, muji wa machimbo kama wenu: hapa wanachimba nikeli na shaba. Wakongomani wenye kufika huku na watoto wanaulizwa upesi jambo moja: fimbo ya hoki, muchezo wa juu ya barafu.

Mutoto atakuonyesha ile ya wachezaji wakubwa, ya nyuzi za kaboni. Bei yake inaweza kupita dola 300! Nawe utataka kununua ndefu, kusudi akue nayo, kama vile tunavyonunua viatu. Hapana. Fimbo ndefu inamushinda mutoto kuiongoza.

Fanya hivi. Mutoto asimame bila viatu vya barafu, na fimbo wima mbele yake: ifike puani. Akivaa viatu vile, ifike kidevuni.

Kiisha soma namba ya ugumu iliyoandikwa juu ya fimbo. Wengi wanachukua nusu ya uzito wa mwili kwa ratili. Mutoto wa kilo 36 ana ratili karibu 80; namba 40 inamufaa. Usinunue ya mutu muzima ili uikate: ukiikata, inazidi kuwa ngumu.

Tena, mupe ufagio afagie. Mukono unaokaa chini ndio upande wa fimbo yake, kuume ao kushoto.

Kijana wangu anachezea fimbo ya mbao, bei ndogo, na anafunga vizuri tu. Feza inayobaki, mununulie kofia ngumu. Watu wa machimbo, kichwa tunajua bei yake.