Kuku Juu ya Kofia: Ziara Yetu kwa Fundi wa Rumonge

 

Katika mwezi wa Shawwal 1445, yaani Aprili 2024, tulifunga safari kutoka Buyenzi, Bujumbura, kwenda Rumonge kumzuru rafiki yetu wa tangu chuoni. Tuseme kweli mapema: haikuwa ziara ya Idi peke yake. Katika mfuko wa kanzu tulikuwa na karatasi iliyotunyima usingizi.

Karatasi hiyo tulimnyang'anya mwanafunzi wetu wa miaka 11. Ilikuwa Ramadhani, darsa ya baada ya Alasiri, tukasikia vicheko safu ya nyuma. Tulipokwenda tukakuta daftarini kuna picha yetu sisi wenyewe: tumesinzia juu ya kitabu, ndevu zimemwagika mezani, na kuku analalia mayai juu ya kofia yetu. Kwa kuwa ni kweli tulikuwa tumesinzia, hasira ikawa kubwa zaidi. Tulimsimamisha mtoto mbele ya wenzake, tukasomesha palepale Hadithi ya wachoraji, kwamba Siku ya Kiyama wataambiwa wavitie roho vile walivyoviumba. Hakujibu kitu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Idi ikapita. Ndipo mama yake akaja kutuambia kuwa mtoto anaamka usiku akilia, anasema ataamrishwa amtie roho yule kuku naye hajui afanyeje.

Tulimjibu yule mama kwa maneno ya kiualimu, akaondoka. Lakini tangu siku ile hatukuwa na raha.

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kiasi cha kilomita 70, ziwa likiwa kuliani mwako njia nzima. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, tukangoja tangu baada ya Alfajiri hadi saa nne basi lilipopata. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda hadi kuingia katika nyumba za watu ufukweni, na abiria hawakuwa na mazungumzo mengine.

Rafiki yetu anaishi mlimani juu ya mji, katikati ya michikichi. Watu wote humwita Fundi, nasi tumwite hivyo. Kazi yake ni kuandika: vibao vya maduka, majina ya mitumbwi, aya za kutundika misikitini na majumbani. Karakana yake ni chumba cha matofali nyuma ya nyumba, chenye paa la bati na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa. Mlangoni ameandika kwa herufi nzuri sana: "Fundi hayupo. Akiwapo, anaswali. Akimaliza kuswali, amelala." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Hatutengenezi redio."

Alitupokea kwa kelele. "Ustadh! Jiwe la Mugere umeliona njiani?" Tukasema tumeliona. Ni lile jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. "Herufi mbaya kuliko zote barabara hii," akasema, "na watu wanatoka Ulaya kuja kulipiga picha. Mimi naandika vizuri, mgeni wangu ni wewe tu na mbuzi." Mbuzi mwenyewe alikuwa pale mlangoni. Mwezi uliopita alikula daftari la madeni ya wateja, na tangu hapo, kwa maneno ya Fundi, mtaa mzima unampenda kama ndugu.

Ndani kulikuwa na kibao cha kinyozi kinachosubiri kukauka. Fundi hachori nyuso za watu, ni uamuzi wake wa siku nyingi. Lakini kinyozi alitaka vichwa. Basi akamchorea safu ya kofia na nywele chini yake, bila uso hata mmoja. Kinyozi akakirudisha siku ya pili: wateja walikuwa wanauliza kama hapo wananyolewa majini. Sasa kina mkasi na kitana.

Shemeji akatuletea mukeke na ugali wa muhogo. Baada ya chakula Fundi akatuonyesha anavyochonga kalamu. Hukata matete ziwani, huyakausha, kisha hukata ncha kwa mshazari na kuipasua katikati ili ishike wino. Wino huo ni masizi ya koroboi, gundi ya mgunga na maji. Tulidhani uzuri wa herufi ni kipaji tu. Kumbe kuna hesabu. Nukta inayotoka kwenye ncha ya kalamu ndiyo kipimo. Alif ya thuluthi ni nukta saba kwa urefu. Kanuni hii ya vipimo inanasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 328 Hijria. Alikatwa mkono wa kulia kwa fitina za utawala, na inasimuliwa kuwa alifunga kalamu kwenye kigutu akaendelea kuandika. "Mimi ninayo miwili," Fundi akasema, "na bado nun inanishinda."

Hapo tukaitoa ile karatasi.

Aliitazama, akakaa chini, akacheka hadi machozi. Tukamweleza yote, pamoja na habari ya kilio cha usiku. Akaacha kucheka.

"Hadithi ile uliisomesha nusu," akasema.

Tulinyamaza, kwa sababu tuliijua nusu ya pili. Imo katika Bukhari na Muslim. Mtu anayeishi kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas (r.a.), akasimuliwa onyo la Mtume (s.a.w.), uso wake ukabadilika kwa hofu. Ibn Abbas alipoiona hofu ile akamfungulia mlango: kama huna budi kuchora, basi chora miti na kila kisichokuwa na roho. Sisi tuliuona uso wa mtoto ukibadilika, tukafunga kitabu.

"Unakumbuka nilipokamatwa na mkaa, nimechora punda kwenye ukuta wa chuo?" Fundi akauliza. Tulikumbuka. Tulikumbuka pia nani alikwenda kumshtaki. Marehemu mwalimu wetu, Allah amrehemu, alimsimulia Hadithi hiyo yote, akamnyang'anya mkaa, akampa tete: andika alif mia moja. "Niko kwenye alif ya mia hadi leo. Halafu, Ustadh, mbona wewe ndiye msomi? Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Imeinuliwa pia kwa aliyelala mpaka aamke. Hapa naona mtoto mmoja na mtu mmoja aliyelala. Nyote wawili mmesamehewa, aliyebaki na kesi ni kuku."

Tulicheka, ndugu zetu, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Msimamo wetu kuhusu kuchora viumbe wenye roho haujabadilika, nasi tutaendelea kuusomesha. Lakini siku ile darasani hatukuwa tunailinda Hadithi. Tulikuwa tunailinda kofia yetu.

Tulirudi na matete manne na kichupa cha wino. Kabla ya kufika kwetu tulipita nyumbani kwa yule mtoto. Alijificha nyuma ya pazia, mama yake akamwita mara tatu. Tukamwomba radhi mbele ya mama yake, tukamsimulia ile nusu ya pili, tukamwambia Jumamosi tutaisimulia mbele ya safu zote kama tulivyoisimulia ya kwanza. Kisha tukakaa mkekani, tukachovya tete, tukaandika alif, tukamfundisha kuipima kwa nukta. Saba, tukamwambia, isizidi.

Akaivuta karatasi karibu, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Ustadh," akasema polepole, "yako ina nukta nane."

Tukahesabu. Zilikuwa nane.