Daftari la Madeni

Nilisoma Molo miaka ya 1980, mtaala wa 8-4-4 ukiwa bado mgeni na pareto ikiwa bado inalipa karo. Kazi ya ziada ilikusanywa asubuhi kabla ya gwaride. Asiyeimaliza alijipanga mbele, mkono ameunyoosha. Hakuna aliyeulizwa kilichomzuia, ingawa kila mwalimu alijua kwamba tukitoka shule tulichuma maua ya pareto mpaka giza, ndipo tukafanya hesabu kwa koroboi. Mafuta yakiisha, hesabu nazo ziliishia hapo. Ukishachapwa, yamekwisha. Kazi yenyewe haikudaiwa tena.

Nilianza kufundisha Nakuru baada ya serikali kupiga marufuku kiboko mwaka 2001. Elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo mwaka 2003, darasa langu la mtaa wa Kaptembwa lilifurika, dawati la wawili likakaliwa na wanne. Kumfuata kila aliyechelewesha kazi hakukuwezekana. Nikaanzisha daftari la madeni, kama lile la mwenye kioski. Mwanafunzi aliandika mwenyewe jina, kazi anayodaiwa, sababu, na siku atakayoileta. Akiileta, anajifuta kwa mkono wake. Mmoja aliandika: "Nilikuwa nauza sukumawiki na mama steji." Sababu hiyo haikumfutia deni. Ilimsogezea siku tu, na kazi akaifanyia darasani mchana, wenzake wakicheza.

Mtaala wa umilisi ulipoingia mwaka 2019, deni lilihamia kwa wazazi. Kazi zilifika kwa wakati, zimechapishwa saiba na kubandikwa kwenye manila, lakini mtoto hakuweza kueleza alichobandika. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, jana nimelala saa saba nikikata hayo makaratasi." Nikamjibu, "Kesho mlete na kazi nusu, mama. Hiyo nusu ndiyo ninayoitaka."

Alimleta hivyo. Mtoto akaandika jina lake kwenye daftari, akachagua siku ya Ijumaa, na Ijumaa ikafika na mchoro uliopinda, gundi imetapakaa.

Zamani fimbo ilifuta deni bila kazi kufanywa. Siku hizi mzazi hulilipa mtoto akiwa amelala. Njia zote mbili humwachia mwalimu hesabu safi na mtoto asiyejua kwamba kuna kitu anadaiwa.